Pinboli za mtumba: kilichokuwa ndani ya kontena kutoka Ulaya

Kuanzia miaka ya 1980 hadi ya 2000, pinboli kuukuu, zile mashine za michezo za sarafu ambazo mchezaji hurusha mpira wa chuma kwa flipa (vipigio vya vitufe), zilivuka Atlantiki kwa makontena, kutoka Ujerumani, Ufaransa, Italia na jirani zao kwenda Marekani. Nyingi kati yake zilikuwa zinarudi nyumbani. Karibu kila jina kubwa la pinboli lilikuwa la Chicago na viunga vyake: Gottlieb, Williams, Bally, baadaye Data East. Viwanda hivyo viliuza sehemu kubwa ya mashine zao Ulaya zikiwa mpya. Huko zilikula sarafu kwenye baa na mikahawa kwa miaka kadhaa, zikachoka, kisha zikauzwa kwa mafungu kama mitumba mingine yoyote.

Mnunuzi asiye mzoefu aliogopa mambo matatu: umeme wa volti 230, mlango wa sarafu za kigeni, na maandishi ya Kijerumani kwenye skrini. Yote matatu hurekebishwa kwa siku moja. Hasara ya kweli ilikaa mahali pengine: kwenye nyaya zilizokatwa, kwenye betri iliyovuja, na kwenye kichwa cha mashine (kisanduku cha juu chenye bodi na kioo cha nyuma) kilichofika na mwili usio wake.

Kwa nini zilirudi

Mwenye kuendesha mashine za sarafu hajali sana mashine ni nzuri kiasi gani. Anajali inaingiza nini kwa wiki. Pinboli ina mamia ya sehemu zinazogongwa na mpira wa chuma, kwa hiyo inadai fundi mara nyingi kuliko mashine ya video. Mapato yaliposhuka, ilikuwa ya kwanza kutolewa sakafuni. Marekani nako kulikuwa na mnunuzi wa aina nyingine, mtu anayetaka mashine moja kwa ajili ya nyumba yake, na huyo alilipa zaidi ya mwenye baa. Williams, iliyokuwa inamiliki pia jina la Bally, ilipofunga kitengo chake cha pinboli Oktoba 1999, mashine za miaka ya 1990 zikageuka kuwa bidhaa isiyoongezeka tena.

Halafu yakaja mambo ya fedha. Sarafu za yuro zilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2002, kila mashine iliyokuwa ikipokea mark, faranga au lira ilihitaji kifaa kipya cha kupokea sarafu au kurekebishwa upya. Kwa mashine iliyokwisha kuchoka, gharama hiyo haikuwa na maana. Thamani ya yuro nayo ilimbeba mnunuzi wa Marekani: Oktoba 2000 yuro moja ilikuwa kama senti 83 za dola, na katikati ya 2008 ilikaribia dola 1.60. Mashine ya yuro 500 ilimgharimu takriban dola 415 mwanzoni na karibu dola 800 mwishoni, kabla ya nauli. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini biashara ilipamba moto na kwa nini ilipoa.

Fungu na upakiaji

Mashine moja moja haikulipa. Muuzaji wa Ulaya alitoa orodha, na mnunuzi alichukua kontena zima. Ndani ya fungu kulikuwa na majina machache yaliyotafutwa, tuseme The Addams Family ya 1992, iliyotengenezwa zaidi ya mashine 20,000, au Twilight Zone ya 1993, pamoja na majina mengi ya kujazia nafasi. Bei ikawa ya wastani. Mjuzi hakuuliza «inafanya kazi?» kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo siku zote. Aliuliza kuhusu vitu vinavyong'olewa na kuuzwa peke yake: saa na mashine ndogo ya mipira, mfano wa ile ya peremende, kwenye Twilight Zone, bodi ya onyesho, kioo cha nyuma, chuma cha mbele kinachofunga kioo, miguu yote minne na boliti zake nane.

Hesabu ya kontena ni rahisi na ni vizuri kuifanya mwenyewe. Pinboli ya miaka ya 1990 ikivuliwa miguu na kukunjwa kichwa ina urefu wa kama sentimita 142, upana 75 na kimo 78. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya takriban mita 5.9 kwa 2.35 kwa 2.39. Mashine zikisimamishwa kwa mgongo, yaani upande wa nyuma ukiwa chini, zinaingia 3 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 21. Juu yake inabaki karibu mita moja, na hapo unaweza kulaza safu moja ya mashine 12. Jumla 33. Ukizilaza zote tabaka tatu unapata 36 kwenye karatasi, lakini tabaka tatu zina kimo cha mita 2.34 na mlango wa kontena una mita 2.28 tu, kwa hiyo za mwisho haziingii. Kontena la futi 40 hubeba kama maradufu. Uzito si tatizo: mashine 33 za kilo 120 ni tani 4 tu, wakati kontena linaruhusiwa zaidi ya tani 20. Unalipia nafasi. Ndiyo maana kila muuzaji alijaribu kubanisha moja zaidi, na ile moja zaidi ndiyo iliyopasua kona za jirani zake.

Kabla ya kukunja, mipira lazima itoke. Mpira mmoja wa pinboli ni chuma cha milimita 27, gramu 80, na mashine moja inaweza kuwa na sita. Ukiachwa ndani, kwa wiki tatu za bahari unatenda kazi ya nyundo kwenye plastiki, taa na rangi ya uwanja wa mchezo. Pendulumu ya kuzuia kutikisa mashine nayo hutolewa, kwa sababu hudondoka na kulala juu ya nyaya. Kichwa kikikunjwa hukaa juu ya reli za chuma za pembeni. Bila blanketi au kadibodi katikati, reli huchimba rangi ya kichwa mistari miwili ambayo haifutiki.

Mashine za zamani zaidi hazina bawaba. Kichwa kimeshikwa kwa boliti na kuunganishwa na mwili kwa plagi kubwa za pini nyingi. Mpakiaji mwenye subira alichomoa plagi moja moja. Asiye na subira alichukua koleo akakata kifurushi kizima cha nyaya. Kuunganisha tena nyaya hamsini au zaidi zenye rangi zilizofifia ni kazi ya siku nyingi, na kosa moja linapeleka umeme wa koili kwenye bodi ya kompyuta. Kwa mashine isiyo na soko kubwa, nyaya zilizokatwa ni hukumu ya kugeuzwa spea.

Vichwa vikishatenganishwa huchanganyika pia. Namba ya mfululizo kwenye kichwa isipolingana na ya mwili, kagua bodi zote upya. Huenda kichwa kilitoka kwenye mashine ya jina hilohilo, na hapo hakuna shida; huenda pia bodi zake nzuri zilikwisha kuhamishwa na hizo ulizoletewa ni mbovu.

Bahari na makaratasi

Kontena likipakiwa mchana wa joto na kusafiri kwenye baridi hutoa jasho: unyevu wa hewa ya ndani hugeuka matone kwenye dari na kudondoka. Mbao za tabaka huachana, ukingo wa chini wa kabati huvimba, koili na chemchemi huota kutu. Mifuko ya kufyonza unyevu ilisaidia. Kufunga kila mashine kwa nailoni bila tundu kuliharibu, maana unyevu uliofungiwa ndani haukuwa na pa kwenda.

Bima ilikuwa na mtego. Bidhaa kuukuu kwa kawaida hazikukatiwa bima ya hatari zote, na hati nyingi ziliondoa waziwazi kutu, mikwaruzo na mibonyeo, yaani hasara tatu ambazo pinboli huzipata zaidi. Kilichobaki kulindwa ni meli kuzama au moto.

Upande wa forodha haukuwa mgumu kama watu walivyodhani. Mashine iliyotengenezwa Marekani na kurudi bila kuongezwa thamani ilikuwa na kifungu chake, cha bidhaa za Marekani zinazorejea, bila ushuru. Sahani ya kiwanda yenye jina la Chicago au Illinois nyuma ya kabati ilikuwa ushahidi mzuri, kwa hiyo haikupaswa kung'olewa. Mbao za kuwekea mizigo zilianza kuleta matata baada ya kanuni ya kimataifa ya ISPM 15: mbao ziwe zimepashwa moto hadi nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30, au zimefukizwa dawa, na zigongwe mhuri. Marekani ilianza kuitekeleza kikamilifu Julai 2006. Ubao mmoja wa kukazia mzigo usio na mhuri uliweza kuzuia kontena zima.

Aina moja ya mashine ilihitaji tahadhari ya sheria: bingo. Hizi zinafanana na pinboli lakini mpira huanguka kwenye matundu yenye namba, na mchezaji huongeza sarafu ili kuongeza uwezekano wa ushindi. Ubelgiji ilikuwa soko kubwa la bingo za Bally. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Korpan, iliziweka kwenye kundi la mashine za kamari kwa ajili ya kodi, na sheria ya shirikisho ya 1951 inabana kusafirisha mashine za kamari kuingia majimbo yasiyoziruhusu. Bingo mbili zilizofichika katikati ya fungu la pinboli zilikuwa tatizo la mwenye kontena, hata kama hakuziomba.

Gharama iliyosahaulika zaidi ilikuwa ya dakika za mwisho. Lori hufika na kontena likiwa juu ya tela, sakafu yake ikiwa kama mita 1.2 kutoka ardhini, na dereva hungoja kwa saa chache tu kabla ya kuanza kutoza. Mashine 33 za kilo 120 hazishuki kwa mikono ya watu wawili.

Umeme: hatari iko upande mmoja

Transfoma ya pinboli za elektroniki za Marekani imeundwa na nyaya mbili za kuingizia umeme. Zikiunganishwa sambamba, mashine inakula volti 115. Zikiunganishwa kwa kufuatana, inakula 230. Kwenye mashine za Williams na Bally za miaka ya 1990 mabadiliko hayo ni vipande vya waya ndani ya plagi ya transfoma. Kwenye Bally za mwishoni mwa miaka ya 1970 ni waya za kulehemu kwenye vidole vya transfoma. Mchoro uko kwenye kitabu cha mashine. Hakuna haja ya kununua transfoma nyingine, na waliouziwa transfoma za nje za kupandisha umeme walipoteza fedha bure.

Kwa anayeleta mashine Marekani, kosa la kusahau halichomi kitu. Mashine iliyofungwa kwa 230 ikipewa 120 hupata karibu nusu ya kila volti: taa hafifu, flipa legevu, kompyuta haiwaki au inajizima na kuanza upya. Kinyume chake ni balaa. Mashine ya 115 ikichomekwa kwenye 230, ukiwa na bahati utasikia mlio na fyuzi itakatika. Ukikosa bahati utabadilisha bodi.

Dalili hiyo ya kujizima imewapoteza mafundi wengi. Kwenye mashine za Williams za familia ya WPC (jina la mfumo wake wa bodi za kompyuta), zilizoanza 1990, kompyuta kujizima flipa zinapobonywa ni ugonjwa maarufu: daraja la diodi BR2 na kapasita C5 ya mikrofaradi 15,000 huchoka na volti 5 inashuka. Fundi akiona mashine ya kontena inajizima, anakimbilia kulehemu BR2 na C5. Aanze na plagi ya transfoma. Ikiwa imebaki kwenye mpangilio wa volti za juu, hakuna diodi itakayoiponya.

Vitu vitatu vinafuata transfoma na husahaulika. Cha kwanza ni fyuzi kuu: kwenye 115 mashine hula ampea mara mbili ya 230, kwa hiyo fyuzi ya Ulaya ya ampea 5 itakatika mara kwa mara mahali palipotakiwa ampea 8 ya kukatika polepole. Cha pili ni varista, kile kisahani kwenye kisanduku cha kuingizia umeme kinachokinga mashine dhidi ya mruko wa volti. Ya Ulaya ni ya volti 275. Ikiachwa kwenye umeme wa 120 haileti moshi, ila haikingi ipasavyo. Weka ya 130 au 150. Cha tatu ni balasti ya taa ndefu ya kichwani kwenye mashine zinazoitumia. Hiyo hula umeme wa ukutani moja kwa moja na imetengenezwa kwa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Lazima ibadilishwe.

Mizunguko yenyewe, 50 dhidi ya 60, haisumbui transfoma inapokwenda Marekani. Kwenye mashine za relei, zilizotangulia zile za kompyuta, mota ya kuhesabia pointi huzunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20. Swichi zilizokaa vizuri Ulaya zinaweza kuanza kuruka hesabu. Zisogeze kidogo kabla ya kulaumu relei.

Plagi ya ukutani inakatwa na kuwekwa nyingine, na hapa ndipo penye kifo. Rangi za sasa za Ulaya zinajulikana: kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani na njano ni ardhi. Lakini waya wa Ujerumani wa kabla ya mageuzi ya miaka ya 1960 ulitumia nyekundu kwa ardhi, na Waingereza wa enzi hiyohiyo walitumia nyekundu kwa moto. Mashine ya zamani iliyopita mikono mitatu inaweza kuwa na vyote viwili ndani ya kabati moja. Usiamini rangi. Piga mita kutoka pini ya ardhi ya plagi hadi chuma cha mlango wa sarafu, na kama ardhi haifiki kwenye chuma, usiiwashe.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kuna utaratibu. Fungua, tikisa, okota skrubu na sarafu zilizodondokea kwenye bodi. Soma kila fyuzi, maana mafundi wa baa walikuwa na desturi ya kuweka kubwa kuliko inayotakiwa, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Chomoa plagi zinazotoka kwenye bodi ya umeme kwenda kwingine, washa, pima volti. Zima, rudisha plagi moja, washa tena. Koili inayovuta na kushikilia mara tu umeme unapowaka ina transista iliyokufa, mara nyingi TIP102 kwenye mashine za WPC. Zima ndani ya sekunde chache kabla koili haijaungua na kuitia transista mpya shoti. Plagi za taa za jumla zilizobadilika rangi kuwa kahawia zibadilishwe pande zote mbili, plagi na pini za bodi, la sivyo zitaungua tena.

Sarafu na lugha

Hapa hakuna mengi. Lugha na bei ya mchezo hufuata mpangilio wa nchi kwenye bodi ya kompyuta, kwa swichi ndogo za DIP au kwa jampa kutegemea toleo; ukibadilisha, futa kumbukumbu na mashine itaanza upya kwa mipangilio ya Marekani. Mlango wa sarafu wa Ulaya unaweza kubaki na mashine ikawekwa kwenye mchezo wa bure. Wanaotaka robo dola hununua mlango mzima, kwa kuwa matundu ya vifaa vya sarafu hayalingani. Gottlieb za zamani zilizotengenezewa Italia ni jambo tofauti: sheria ya huko ilikataza mchezo wa bure kama zawadi, kwa hiyo zinatoa mpira wa ziada badala yake. Hizo si mbovu, na wengine huzipenda zaidi.

Betri

Kitu kidogo kuliko vyote ndicho kilichoua bodi nyingi. Williams waliweka betri tatu za AA juu ya bodi ya kompyuta. Bally za 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980 zina betri ya nikeli na kadimi iliyolehemewa papo hapo. Mashine ikikaa ghalani miaka miwili ikisubiri kontena, zote huvuja. Majimaji hayo ni alkali, siyo asidi. Kwa hiyo dawa ni siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kusugua kwa mswaki, kuosha kwa maji safi, kisha spiriti, na kukausha. Magadi hayasaidii kitu hapa. Soketi za chipu zilizoguswa na ule ukungu wa kijani zing'olewe hata kama bodi inawaka, maana kutu huendelea chini ya soketi na bodi hufa baada ya miezi. Betri mpya ziwekwe mbali na bodi kwa waya.

Mashine za video kutoka Japani

Makabati ya video yalikuwa na njia yake, na sheria yake. Tangu 1985 kiwango cha JAMMA kiliruhusu bodi ya mchezo kuchomekwa kwenye kabati lolote kwa plagi moja ya pini 56, hivyo bodi kuukuu za Japani zikawa mzigo mwepesi na nafuu. Taito, kampuni ya michezo ya Japani, walipinga. Bodi za mchezo wao wa Double Dragon zilizonunuliwa nje na kutumika kwenye kumbi za Marekani ziliishia mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo mwaka 1989 iliamua kwamba kununua bodi halali hakukupi haki ya kuuonyesha mchezo hadharani. Mwaka uliofuata bunge la Marekani likaweka kifungu cha muda kilichomruhusu mwenye nakala halali kufanya hivyo kwenye mashine ya sarafu. Kifungu kilikoma tarehe 1 Oktoba 1995. Mwenye kabati nyumbani hakuguswa na haya; mwenye ukumbi aliguswa.

Makabati yenyewe, kama Sega Astro City ya 1993 yenye skrini ya inchi 29, yalisafiri wima, bila kupandishana, na shingo ya skrini ndiyo ilikuwa roho yake: ikipata ufa, hewa inaingia na skrini imekwisha. Umeme wa Japani ni volti 100. Tofauti na 120 inaonekana ndogo, na kabati huwaka likachezeka vizuri kabisa, jambo linalowadanganya watu. Bodi ya skrini hupokea asilimia 20 zaidi, inapata joto, na hufa baada ya wiki au miezi. Transfoma ya kushusha 120 hadi 100, ya VA 300, inatosha kabati moja. Ifungwe ndani ya kabati kwa skrubu, kabla ya swichi, na waya wa Japani ukatwe kabisa, ili anayekuja kulinunua baadaye asipate plagi ya kuchomeka ukutani moja kwa moja.